Mfereji Usio na Koki

Nyie wanawake wa Mpendae mshanichosha. Nikifika mferejini na ndoo yangu, kabla haijajaa nshaulizwa mara tatu: "Bi Mize, hebu tupe habari za Bara." Huyu nampa kipande, yule nampa kipande, na ikifika jioni vipande vimeshonwa upande upande, nasikia ati mimi nimempiga kofi afisa wa Serikali nikamtupa mtoni. Kofi sikumpiga. Mtoni aliingia mwenyewe. Basi nimekaa kitako na daftari hili nnaandika yote. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mtu asinishike tena mkono ndoo inamwagika.

Barua ya Salma

Mjukuu wangu Salma mnamjua. Nimemlea mimi tangu anatambaa, kasoma skuli mpaka akawa mwalimu, kaolewa na mwalimu mwenziwe, Athumani, Msambaa wa milima ya Lushoto. Mlisema mtoto anapotea mbali. Nikasema mbali ndiko wanakotaka walimu, hapa kwetu utamfundisha nani, kila mtu anajua kila kitu.

Miaka minne huandika kila mwezi, mwandiko umenyooka kama ukili wa mkeka. Barua hii ilikuwa fupi: "Bibi, huku tuna balaa. Wanataka kutuletea mfereji. Kijiji kizima tunaukataa, na mimi ndiye katibu. Mkutano ni mwezi ujao. Tukishindwa tumekwisha. Niombee dua."

Nikaisoma mara mbili. Mara ya tatu nikamwita jirani yangu Bi Tatu anisomee, labda macho yangu. Akasoma vilevile. Mfereji! Mtu anaukataa mfereji! Nyie mnajua tulivyokuwa tukichota kisimani, maji yana chumvi mpaka chai inakuwa mchuzi. Mnajua nani aliyekwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi mpaka wakubwa wakachoka kumruka, wakatuletea huu tulio nao. Na mnajua nani anaufunga kila mmoja wenu akiuacha wazi. Leo mjukuu wa Bi Mize, aliyefanya hesabu zake za skuli kakalia ndoo kwenye foleni ya mfereji, awe katibu wa wanaoukataa?

"Karogwa," nikamwambia Bi Tatu.

"Au kasoma sana," akasema Bi Tatu.

Sikuomba dua. Nilifunga mzigo.

Kutoka bandarini Malindi, Unguja

Habari za karatasi za ruhusa ya kuvuka Bara siziandiki, zinachosha kuliko safari yenyewe. Nilipanda meli na kikapu cha halua, pweza wakavu watatu na kanga nne. Tuliambiwa inaondoka saa mbili asubuhi. Saa sita bado tumefungwa kamba pale pale, ati anangojewa bwana mkubwa mmoja. Alipofika tukanyanyuka wote tumtazame. Akapanda, akavua viatu, akalala. Saa nne nzima nimeoka juani namngoja mtu aje alale!

Pembeni yangu palikaa bwana mmoja wa Bara, kavaa suti na tai. Meli ilipoanza kuyumba akaanza kunusa.

"Bibi," akasema kwa adabu, "nadhani kuna kitu kimekufa hapa."

"Kimekufa zamani, mwanangu. Kimekaushwa."

Nikamfungulia kikapu aone. Yule bwana akaenda kushika chuma cha meli, na sikumwona uso wake tena mpaka Dari Salama. Nafasi yake nikanyoosha miguu.

Treni inayokunywa

Mlioniuliza treni ikoje: ni nyumba ndefu yenye vyumba, inakwenda na wapangaji wake. Inaondoka ikitaka na inasimama ikitaka. Tulisimama mahali hapana nyumba wala mtu, nikauliza kuna nini, nikaambiwa ng'ombe wanapita. Tukasimama tena, nikauliza tena ng'ombe? Nikaambiwa hapana, safari hii treni inakunywa maji.

Nikacheka nikidhani nafanyiwa mzaha. Nikatoa kichwa dirishani. Wallahi inakunywa! Pana mnara, na bomba nene kama paja limeshushwa toka juu, linaimiminia tumboni, na mtu kasimama anaingoja kama mama anayemnywesha mtoto uji. Nikawaza, hata treni inapanga foleni ya maji, na mjukuu wangu anakataa.

Iliposhiba bomba likanyanyuliwa, lakini halikufungwa vizuri. Maji chururu, chururu, mchangani. Mnanijua. Nikateremka.

"Wewe! Funga maji hayo!"

Yule mtu akatazama nyuma yake, nani anaambiwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga."

"Bibi, linavuja hivyo tangu nimeajiriwa."

"Na tangu umeajiriwa umekaa tu unalitazama?"

Akashika usukani wake akaukaza, mimi nikamsaidia kwa maneno. Tone la mwisho likakata. Nikageuka nikaona treni nayo imeanza kuondoka, kikapu changu ndani, pweza wangu ndani, na mimi nje! Nilikimbia, enyi wenzangu, kwa magoti haya haya. Mikono ikatoka milangoni, wakanivuta kama nanga. Chumba kizima kikapiga makofi, na mama mmoja akanipa ndizi mbivu. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu kuteremka treni kwa ajili ya tone.

Lori la chumvi

Mombo nikateremka, nikapata lori lililopeleka chumvi na mafuta ya taa milimani. Dereva, Mzigua mmoja mcheshi, akanikalisha mbele. Njia ile, jamani, inapanda huku inajipinda kama utumbo. Upande mmoja jiwe, upande wa pili hapana kitu, unaona juu ya miti badala ya shina. Nilisoma kila sura niliyofundishwa chuoni, nilipomaliza nikaanza upya.

Kusudi nisitazame chini, nikamuuliza dereva, "Mwanangu, huku milimani mifereji ipo?"

"Mifereji? Tele, bibi. Kila shamba lina wake."

Kila shamba! Sisi Mpendae mmoja tu, tunaugombania kama mume, na wao kila shamba na wake, na bado wanakataa wa Serikali! Hapo nikakata shauri. Watu hawa wamedekezwa, watapata maneno yangu.

Tulipofika juu dereva akasema neno na moshi ukamtoka mdomoni. Nami sikumwona akivuta sigara. Nikamgombeza, nami moshi ukanitoka. Nikafunga mdomo kwa kanga, nikashuka hivyo hivyo. Salma, aliyepata simu yangu ya maandishi kwamba naja, alipokuja kunipokea kituoni, naye anafuka!

"We mwana, unavuta sigara siku hizi?"

"Ni baridi, Bibi!" Akanikumbatia, anacheka, analia. "Barua ilifika? Umekuja kwa ajili ya mfereji?"

"Nimekuja kwa ajili ya huo huo mfereji. Na nitasema."

"Utasema mkutanoni? Mbele ya afisa?"

"Mbele ya yeyote."

Akanibusu mikono. Niliona ajabu kidogo, lakini nikafikiri labda uchawi unaanza kumtoka.

Mvua isiyonyesha

Kwa Athumani ni mwendo wa miguu, mlima juu mlima chini. Nilifika nikala makande, mahindi na maharage kwenye chungu kimoja, nikalala kama gogo. Asubuhi nikaamka nasikia mvua. Mvua kubwa, shaaa, haipungui. Nikachungulia kwenye ufa wa kiambaza: nguo ziko nje, kamba tatu, mashuka, nepi za watu, na hapana anayeanua. Nikajifunga kibwebwe nikatoka mbio. Nikaanua za kwetu, nikaanua za jirani, nikavuka kijia nikaanua za nyumba ya tatu. Mikono imejaa mpaka kidevuni.

Ndipo bibi mmoja mfupi, kashika jembe, akanikabili. "Mwizi!"

"Mwizi mama yako! Nakuanulieni nguo, mvua hii!"

Akatazama mbinguni. Nami nikatazama. Mbingu nyeupe, hapana hata wingu.

Yule alikuwa Bibi Hadija, nyanyake Athumani, mkwe wangu mwenyewe, jana alilala mapema hatukuonana. Salma alipotoka alitukuta tunavutana shuka.

"Bibi, hiyo si mvua," akasema. "Ni mto."

"Mto gani unapiga kelele hivyo?"

"Mto wetu. Unateremka toka msituni, uko nyuma ya migomba."

"Na nani kauacha wazi usiku kucha?"

Bibi Hadija aliuliza nimesema nini. Akafasiriwa Kisambaa. Alicheka mpaka akakalia jembe lake. Tukapatana. Nikampa pweza mmoja wa zawadi, akamgeuza huku na huku, akashukuru sana. Mchana nikamwona pweza wangu kaning'inizwa juu ya mti katikati ya shamba la maharage, miguu minane inapepea. Kumbe alidhani ni dawa ya kutishia ngedere. Mimi naona haya kumwambia ni mboga, na kusema kweli ngedere hawakuonekana tena.

Ninayosifu

Siku ya tatu ukawa mkutano, uwanja wa skuli. Mbele alikaa afisa kijana, viatu vyeupe pe, sikumbuki jina lake, mimi nilimwita Bwana Mipango. Alizungumza vizuri, hapigi kelele. Maendeleo, mipango, mfereji, shamba kubwa la upande wa pili, mfereji. Kila akitaja mfereji watu wanaguna.

Salma akasimama, mrefu, sauti haitikisiki, nikajisemea huyo ni mimi bila ya magoti. Akasema, "Kabla hatujajibu, bibi yangu kaja toka Unguja, kapanda meli na treni na lori kwa sababu ya mfereji huu. Naomba asikilizwe."

Nikasimama. Nikawaambia, "Mimi nimekuja kukushangaeni. Mfereji nyie mnaukataa mna wazimu? Sisi kwetu tumeupigania! Mfereji ni raha ya mwanamke! Ukija mfereji mtoto anakwenda skuli kakoga, mgonjwa anapata maji mbio, mwari hapotelei kisimani. Mpokeeni mfereji wake huyu kijana, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na mumwombee dua!"

Mtu mmoja tu alipiga makofi, Bwana Mipango, na alipiga kweli. Akaandika haraka haraka katika kitabu chake, anasoma huku anaandika: "Mgeni kutoka Visiwani... ameunga mkono mfereji... kwa moyo wote." Akanikamata mkono akanishukuru. Akasema kesho atakuja mtoni watu watie dole gumba kukubali.

Nikamtafuta Salma. Kaketi, kafunika uso kwa daftari la katibu. Watu walimpita bila kumsemesha. Mzee mmoja alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Katibu katuletea fimbo kutoka kwao."

Vigingi

Nyumbani Athumani akaninawisha mikono kwa adabu. Mwisho Salma akasema, "Mke mwenzangu" — ndivyo ninavyomwita mimi, na yeye hunijibu hivyo akinikasirikia — "mke mwenzangu, nimekukosea nini?"

"Unakataa mfereji!"

"Bibi, unajua mfereji ni nini?"

"Mimi? Bi Mize? Naulizwa mfereji?"

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya migomba. Na mimi, nyie, siku tatu nausikia ule mto sijauona. Maji meupe yanaruka mawe, yanakwenda mbio kama watoto waliotoka skuli, na hapana aliyeyafungulia. Wanawake wanachota bila foleni. Ukitazama bondeni unaona bustani za maharage na kabichi ngazi ngazi, na nyumba, na nyumba nyingine, zote zinasubiri maji hayo hayo. Ukingoni vimechomekwa vigingi vyekundu.

"Hapa watajenga ukuta," akasema Salma. "Maji yakisimama, yataingia pale kwenye vile vigingi vingine. Ni handaki, Bibi. Wanachimba handaki linazunguka mlima, linapeleka mto wote upande wa pili, kwenye shamba kubwa. Huku chini panabaki mawe. Hilo handaki ndilo mfereji. Huku mfereji ni hilo."

"Na mfereji wenyewe? Ule wa koki?"

"Huku wanauita bomba."

Nilikaa juu ya jiwe. Nikakumbuka yule dereva, kila shamba na wake. Lahaula! Vijihandaki vya kumwagilia maboga! Nimepanda meli, nimekimbiza treni, nimekuja kumkabidhi mtu mto wa mjukuu wangu na dua juu yake.

"Na wewe kwa nini hukuandika handaki? Miaka minne tu ushasahau Kiunguja?"

Salma akaanza kucheka, kicheko kile kibaya chenye machozi. Nami nikacheka. Bibi Hadija aliyekuwa akiosha sufuria akaja, akafasiriwa. Yeye hakucheka. Akasema neno moja, Salma akalifasiri: "Kesho sema tena."

Bwana Mipango mtoni

Asubuhi nilichukua ndoo nikatangulia. Watu walikusanyika ukingoni, wamenipa mgongo. Bwana Mipango akafika na viatu vyake vyeupe, kidau cha wino na kitabu. Kuniona akachangamka. "Bibi yetu wa Visiwani! Atangulie yeye kutia dole."

"Natia," nikasema. "Kwanza nioneshe koki."

"Koki gani, bibi?"

"Ya mfereji. Jana umeandika nimesifu mfereji. Mfereji ninaousifu mimi una koki, unasimama mlangoni pa mtu, mwanamke anaufungua anachota anaufunga. Wako una koki ngapi?"

Akatabasamu kama anayezungumza na mtoto. "Mfereji huu hauna koki. Maji yanakwenda moja kwa moja shambani."

"Hauna koki! Basi nani anaufunga?"

"Haufungwi."

"Usiku na mchana wazi? Na nyie mnaona sawa?" Hapo nilisahau kama nafanya hila, nilikasirika kweli. "Basi huo si mfereji. Andika: Bi Mize anautaka mfereji wenye koki, koki moja kila nyumba, hizi za chini na zile za kule juu, na mto usiguswe mpaka koki ya nyumba ya mwisho itoe maji."

Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja.

"Za kule juu?" Akacheka, akainua mkono kunionesha zile nyumba za mgongoni mwa mlima. "Bibi, maji hayapandi mlima!"

"Kwetu yanapanda ghorofani! Nenda nyumba za maendeleo ukaone, watu wanakogea mawinguni!"

Akarudi hatua moja nyuma ili acheke vizuri. Jiwe alilokanyaga lina ukoga wa kuteleza. Nilikwisha kuliona, na niliwahi kusema "We mwana!" lakini maneno yangu hayana mikono. Chubwi! Bwana Mipango mtoni, maji ya kiuno, na kitabu kikampita kinakwenda zake, kurasa wazi, na sifa zangu zote za jana ndani. Hapana aliyekifunga.

Tulimvuta kwa kanga yangu, ncha moja mimi, ncha moja Bibi Hadija. Akatoka anatetemeka, kiatu kimoja kimeondoka. Nikamfunika kanga hiyo hiyo, nikamlisha halua. Kila mtu anacheka, naye baada ya kipande cha pili akaanza kucheka.

Kisha akasikitika. "Nitarudi ofisini na nini?"

Salma akasema taratibu, "Mimi nimeandika. Ndiyo kazi ya katibu."

Akamsomea. Koki moja kila nyumba, za chini na za juu, mto usiguswe kabla ya koki ya mwisho. Hakuongeza wala hakupunguza. Bwana Mipango akanitazama, akautazama mto, akaujua uzito wa kurudi mikono mitupu.

"Wakubwa wataniuliza huu ni mfereji gani."

"Waambie waje Mpendae nitawaonesha," nikasema.

Akatia sahihi. Na wanakijiji wakatia dole gumba, na mimi nikawatangulia, na yule mzee wa fimbo akaja nyuma yangu. Akasema, "Shikamoo, katibu mkubwa," na mvi zake zinanishinda.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na jambo, ila treni iliponywa maji pale pale, yule mtu aliponiona tu alikwenda mbio kukaza usukani kabla sijateremka.

Salma ameandika mara mbili tangu nirudi. Ya kwanza, ofisi imeleta barua inauliza koki ngapi. Kijiji kikahesabu nyumba, halafu watu wakakumbuka na za shangazi zao wa juu kabisa, wakaongeza. Ya pili, wale wakubwa hawajajibu. Vigingi vyekundu Bibi Hadija kaving'oa, kavichomeka shambani, maharage yake yanavipanda, na pweza bado anapepea. Kanga yangu Bwana Mipango kairudisha, kaifua na kuipiga pasi. Mto unakwenda. Sisemi hawatarudi. Wakirudi nna pweza wawili wengine.

Na jana, kwa wale mlionionea ajabu: ndiyo, nilifika mferejini nikaukuta wazi, na sikuufunga pale pale. Nilisimama. Nilikuwa naisikiliza ile sauti, shaaa, kidogo tu, nimefumba macho. Kisha nikaufunga, maana huu wetu una koki. Na aliyeuacha wazi ni wewe, Bi Tatu, nimekuona.